Beseni Lililo Chini ya Gari



Leo tutafakari pamoja kazi ambayo wengi wetu huifanya uani kwa mikono yetu wenyewe: kubadilisha rejeta ya gari. Ile iliyokuja na gari ikitoboka, bei ya orijino hutushinda, nasi hununua iliyotengenezwa na kiwanda kingine. Hilo si kosa. Ila kitu mbadala hudai uangalifu zaidi, kwani hufanana na kile cha kwanza pasipo kuwa kilekile.

Kwanza tungoje injini ipoe kabisa. Kifuniko cha rejeta huyabana maji yasichemke upesi. Yakibanwa kwa baa 1 zaidi ya hewa ya kawaida, huchemka kwenye nyuzi 120 hivi badala ya 100. Anayekifungua kungali moto hurukiwa na mvuke usoni.

Kisha tuilaze rejeta mpya kando ya ile ya zamani. Tupime unene, midomo ya mipira na mahali pa kushikia feni. Gari likiwa la otomatiki, tuangalie kama ile ya zamani inapitisha mabomba ya oili ya giaboksi. Ikiwa hivyo, mpya nayo iwe na nafasi yake. Kasoro ikionekana hapo, tutarudi dukani. Ikionekana safarini, tutailipia kwa injini.

Tukishafunga na kujaza, tuwashe injini, tufungulie hita, tuisubiri hewa iliyojificha itoke povu kwa povu. Hewa hiyo haionekani, lakini huweza kuiunguza injini nzima.

Wengi wetu huishia hapo, tukanawa mikono na kushukuru. Lakini chini ya gari limebaki beseni. Maji yale ya kijani au mekundu mara nyingi yana ethilini glikoli. Ladha yake ni tamu. Sumu yake huharibu figo na huua. Mbwa huyalamba, na mtoto mdogo aweza kuyaonja akidhani ni sharubati. Tukiyamwaga mtaroni, tumeokoa fedha ya fundi na kumtwika jirani deni asilolijua.

Basi tuyatie yote katika dumu lenye kifuniko, tuliandike neno SUMU, wala tusitumie kamwe chupa ya soda. Tuliweke mbali na watoto, hata tulifikishe kwenye gereji inayopokea taka za namna hiyo. Yaliyodondoka tuyafunike kwa mchanga, kisha tuuzoe. Na aliyeonja apelekwe hospitali mara moja, hata kama bado anacheza na kucheka.

Wapendwa, gari ni letu na ua ni wetu, ila mtaro hupita mlangoni kwa wengine. Mtu hupimwa kwa alichokifunga vizuri, na pia kwa alichokimwaga. Kazi yetu itakuwa imekwisha siku mtoto wa jirani atakapoweza kucheza uani petu bila hatari.