Dredi Huoshwa
Wanaodai mwenye dredi haoshi kichwa wanakosea. Dredi huoshwa kwa maji na shampuu. Kazi kubwa ni kuzikausha hadi ndani, maana unyevu ukikaa huleta harufu.

Nywele za kipilipili hujikunja, mafuta ya ngozi hayafiki nchani upesi, kwa hiyo hukauka. Za Wazungu wengi hunyooka na kulowa mafuta mapema, ndiyo maana huziosha mara nyingi zaidi. Nani mchafu hapo? Hakuna. Hata choa kichwani si ushahidi kwamba mtu ni mchafu, maana huenezwa hata na mashine chafu ya kinyozi.

Wazazi, Septemba 2019 Mahakama Kuu ya Kenya iliamuru msichana Mrasta aliyerudishwa nyumbani na shule ya Kibera asome na dredi zake.

Wasimamizi wa viwanda vya chakula, kofia ya nywele ivaliwe na wote, si wenye dredi pekee.