Lori Likitetemeka Limesimama: Tafuta Chanzo Kabla ya Kufungua Pampu

(Hotuba kwa wenye malori, madereva na mataniboi, Ekerenyo, Nyamira Kaskazini)

Najua kuna ndizi za Nairobi zinazongoja kupakiwa, kwa hivyo sitawaweka sana. Kazi yangu ni habari, si spana. Haya nimeyakusanya kwa mafundi.

Mnaijua hali yenyewe. Canter ya zamani imesimama, haiko kwa gia, hakuna aliyekanyaga mafuta, na kioo cha pembeni kinatetemeka hadi huoni aliye nyuma. Mwenye gari anaambiwa ni pampu. Pampu inafunguliwa, pesa ya shule inaondoka, na lori linarudi likitetemeka vilevile, kwa sababu kilichokatika ni raba ya kubebea injini, ile mafundi huita mauntingi.

Anza kwa kusikiliza. Injini ya silinda 4 ikizunguka mara 600 kwa dakika, kila silinda huchoma mafuta mara 5 kwa sekunde. Moja ikilegea, mtikisiko huja kwa mdundo, kama mtu anayechechemea. Mtikisiko usio na mdundo huo, unaovuma chini ya kiti huku injini yenyewe ikilia sawasawa, mara nyingi ni mauntingi. Zikague kwa tochi: raba iliyolowa oili hulainika na kupasuka. Kisha weka mawe kwenye magurudumu, vuta breki ya mkono, watu wasisimame mbele wala nyuma, dereva aingize rivasi na kuachia klachi kidogo tu. Injini ikiruka juu upande mmoja, umepata jibu bila kufungua pampu.

Kama ni mdundo, tafuteni silinda yenyewe. Kwa injini za pampu ya kawaida, kama 4D32 ya Canter au 4HF1 ya Isuzu, fundi hulegeza nati ya paipu ya nozeli moja baada ya nyingine, injini ikinguruma. Akilegeza ya silinda nzima, injini hulegea zaidi. Akilegeza na pasibadilike kitu, hiyo ndiyo isiyofanya kazi. Nozeli hiyo ibadilishwe nafasi na ya jirani, kwa washa mpya za shaba. Ubovu ukihama nayo, nunua nozeli. Ukibaki palepale, shida huenda ni valvu, ringi au gasketi, na hapo tayarisha mfuko.

Fundi avae miwani, mkono usikaribie dizeli inayoruka, na kitambaa kiwekwe isimwagikie ekzosi. Na nasema hili kwa ukali: jaribio hili lisifanywe kamwe kwenye injini mpya za kompyuta. Presha ndani ya paipu zake hupita mara 1,000 ya hewa tunayovuta. Dizeli hiyo hupenya ngozi, na aliyechomwa nayo aende hospitalini siku hiyo hiyo, hata kama kidonda ni kidogo kama tundu la sindano.

Kabla ya hayo yote, lakini, badilisha filta ya mafuta, toa maji yaliyotuama chini yake, kisha toa hewa kwa pampu ya mkono. Paipu kuukuu huvuta hewa pasipo kuvuja tone. Asubuhi za baridi huku kwetu, moshi mweupe kidogo unaoisha injini ikipata moto usiwatishe. Usipoisha, na unawasha macho, kuna mafuta yasiyochomeka.

Kuhusu dizeli ya mtungi ya bei rahisi: mafuta taa hayalainishi pampu kama dizeli, kwa hivyo huila pole pole. Ndiyo maana mwaka 2018 serikali kuu iliweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta taa, kuzuia uchanganyaji. Dizeli mnayoitoa kwenye filta nayo itiwe kwenye mkebe. Mitaro yetu inashuka mtoni, na maji hayo yananywewa.

Basi, mwenye lori lile la buluu, liwashe tulisikilize pamoja. Maswali yaje tukiwa pale.