Nyama Isiyoiva na Kesi Aliyobambikiwa Paka

Mwanamke akishika mimba, paka atoke nyumbani. Ushauri huo umezoeleka, na mara nyingine hutolewa na wahudumu wa afya wenyewe. Mhadhara huu unaupinga, kwa kuwa unamwacha mjamzito akidhani amesalimika wakati hatari bado i jikoni mwake.

Kwamba toksoplazimosi, ugonjwa wa kimelea ambao paka hulaumiwa kuueneza, ikimpata mama kwa mara ya kwanza akiwa mjamzito yaweza kuvuka kondo la nyuma, ikaharibu macho au ubongo wa mtoto, hata mimba ikatoka, hilo halina mabishano. Inajulikana pia kwamba mimba ikiwa changa kimelea huvuka kwa nadra lakini huumiza vibaya, na katika miezi ya mwisho huvuka kwa wepesi ingawa madhara hupungua. Wala hakuna haja ya kusimulia upya jinsi Charles Nicolle na Louis Manceaux walivyokigundua mwaka 1908 mjini Tunis, ndani ya mnyama mdogo mgugunaji aitwaye gundi. Swali lenye uzito ni moja: kinaingiaje mwilini mwa mama?

Wanaomshitaki paka hawakuanzia hewani. Katika miaka ya 1960, William Hutchison wa Glasgow alionyesha kuwa kinyesi cha paka huambukiza, na kufikia 1970 ilithibitishwa kwamba kimelea hicho, Toxoplasma gondii, hutaga mayai yake kwenye utumbo wa jamii ya paka pekee. Kosa liko kwenye hitimisho lao. Paka huyatoa mayai hayo kwa wiki moja hadi tatu, kwa kawaida anapoambukizwa mara ya kwanza, mara nyingi akiwa bado mdogo na ndiyo kwanza anaanza kuwinda. Yakitoka hayaambukizi papo hapo. Huhitaji siku moja hadi tano kukomaa. Kumpakata paka, basi, si njia ya kuugua. Na aliyemfukuza paka wake leo anabaki na udongo wa bustani ambamo mayai ya paka wa mtaa mzima yaweza kudumu zaidi ya mwaka.

Mwaka 2000 jarida la BMJ la Uingereza lilichapisha utafiti wa miji sita ya Ulaya, kuanzia Oslo hadi Naples, uliowalinganisha wajawazito walioambukizwa na wasioambukizwa. Nyama isiyoiva ilihusishwa na asilimia 30 hadi 63 ya maambukizi, udongo asilimia 6 hadi 17. Kukaa na paka hakukuonekana kuongeza hatari.

Lakini ushahidi ambao mhadhiri huyu hachoki kuurudia mbele ya wanafunzi wake ni wa Georges Desmonts na wenzake, uliochapishwa Ufaransa mwaka 1965. Katika hospitali moja ya Paris, watoto wenye kifua kikuu walilishwa nyama iliyobabuliwa tu motoni, kwa imani kwamba ingewatia nguvu. Desmonts alipima kingamwili katika damu zao. Kasi ya kuambukizwa kwa mwaka ilipanda kutoka asilimia 10 hadi 50 mlo ulipoongezwa vipande viwili vya nyama ya ng'ombe au farasi isiyoiva. Zilipoongezwa mbavu za kondoo, ilifika asilimia 100. Leo hakuna kamati ya maadili ambayo ingeruhusu jaribio kama hilo, na ni haki isiruhusu. Hata hivyo takwimu zake zinasema wazi kuliko vitabu vizima: kilichobadilika katika maisha ya watoto wale kilikuwa sahani ya chakula.

Hapa pana pingamizi la haki. Afrika Mashariki nyama huchemshwa hadi ilainike, na bado utafiti wa Mwanza uliochapishwa mwaka 2013 ulikuta kingamwili kwa takriban asilimia 31 ya wajawazito 350. Huenda basi udongo, mboga na maji vina mchango mkubwa zaidi hapa kuliko Oslo. Mhadhiri anakubali. Hakubali kwamba jiko limesafishika kwa sababu sufuria inachemka.

Aliwahi kumwona mama mkwe mmoja, katika ukoo wake mwenyewe, akiamuru paka atiwe kwenye gunia akatupwe mbali.

"Mama, paka kakosa nini?"

"Anatoa mimba huyo, mwanangu."

Jioni hiyo hiyo mkamwana mjamzito alikatakata nyama mbichi ya mbuzi, kisha kwa kisu kile kile na juu ya kibao kile kile akakata nyanya na vitunguu vya kachumbari. Hakuna aliyesema neno.

Kwa hiyo anachodai mhadhiri ni kwamba, katika hudhurio la kwanza kliniki, pamoja na vidonge vya madini ya chuma na chandarua, mjamzito aambiwe: nyama iive mpaka wekundu uishe ndani, kisu na kibao vioshwe kwa sabuni kabla ya kugusa kachumbari, mchicha usuuzwe vizuri, maji yachemshwe kwa kuwa klorini haiyaui mayai hayo, na mikono ioshwe baada ya kulima. Kinyesi cha paka kizolewe kila siku, kabla mayai hayajakomaa, na mtu mwingine wa nyumbani. Paka abaki.