MJI NI WA NANI?
Maneno ya Katibu mbele ya wanachama



Jumatano kwenye kisomo tuliulizwa: machimbo yakifungwa, mji unakwenda wapi? Tukacheka. Kumbe si la kucheka.

Hebu tutazame jimbo la British Columbia, magharibi ya Kanada. Kulikuwa na mji wa Cassiar, machimbo ya asbesto, toka miaka ya 1950. Nyumba, duka, maji, vyote mali ya kampuni. Halmashauri ya kuchaguliwa hapana. Mwaka 1992 machimbo yakafungwa. Basi vitu vikapigwa mnada, na nyumba nyingine, jamani, zikapakiwa kwenye malori zikaondoka! Waliozaa na kulea pale hawakuwa na kikao cha kusemea.

Tumbler Ridge, jimbo hilo hilo, ulijengwa kwa ajili ya makaa ya mawe. Lakini toka 1981 una serikali yake ya mtaa. Mgodi wa Quintette ulipofungwa mwaka 2000 watu wengi walihama, hatukatai. Ila halmashauri ilibaki. Nyumba tupu zikauzwa rahisi, wastaafu wakaja kukaa. Mwaka huo huo watoto wawili waliokuwa wakicheza mtoni wakaona nyayo za dinosauri, wanyama wakubwa wa kale. Mji ukapata makumbusho, wageni wanakwenda.

Jumamosi saa nne tunajadili ombi la anayetaka kuchimba kokoto kwetu. Mkataba umebandikwa hapa chini. Asiyesoma vizuri bado asimame na mwenzake wa kisomo, wausome wote, hasa ukurasa wa mwisho.