Kusamehe na Kulipiza Kisasi: Toka Kyaka Hadi Sanduku Letu

(Mazungumzo ya mwanachama mwasisi mbele ya kikundi na wageni, Miembeni, Bukoba, siku ya kutimiza miaka kumi)



Kamati iliponiomba niseme machache juu ya kusamehe na kulipiza kisasi, nilijua wananituma wapi. Kila mmoja humu anajua kwa nini leo hatukuwekewa mada ya riba au ya kuku wa mayai. Nitafika huko. Lakini mniruhusu nianzie mbali kidogo, Kyaka.

Mwaka 1978 nilikuwa darasa la nne. Kwetu ni ng'ambo ya mto Kagera, upande wa kaskazini, huko ambako sasa ni wilaya ya Missenyi. Ilikuwa majira ya senene. Mwishoni mwa Oktoba majeshi ya Idi Amin yaliingia, na tarehe 1 Novemba Amin akatangaza kuwa nchi yote mpaka mtoni sasa ni ya Uganda. Yaani tulilala Watanzania, tukaambiwa tumeamka Waganda. Tarehe 3 wakalilipua daraja la Kyaka. Sisi tulikuwa tumeshavuka, mama akiwa na mdogo wangu mgongoni na sufuria kichwani. Sufuria, jamani! Mpaka anakufa hakuweza kutueleza kwa nini alichukua sufuria akaacha mablanketi.

Tuliporudi mwaka uliofuata hatukukuta kitu. Mabati yameng'olewa, ng'ombe wamekwenda wote, kiwanda cha sukari kimeporwa. Wengi waliobaki nyuma waliuawa. Shangazi yangu hatukuona hata kaburi. Ninyi vijana mkienda Mutukula kununua vitenge mnapita Kyaka, yale magofu ya kanisa mnayoyaona njiani ni ya vita ile. Na ninyi mliotoka Muleba mnayajua makaburi ya askari wetu pale Kaboya. Kwa hiyo mtu asije akaniambia kwamba mimi naongea habari ya kusamehe kwa sababu sikuonja uchungu.

Sasa nawaambia sehemu ambayo sisi wa Kagera hatupendi kuisimulia.

Jeshi letu liliwafukuza, likavuka mpaka. Mwezi Februari 1979 liliteka Masaka, na mara baada ya hapo Mbarara. Askari wale walikuwa wamepita kwetu, wameona kwa macho yao. Basi wakayalipua majengo ya miji ile kwa baruti, moja baada ya jingine, kulipiza yaliyofanyika Kagera. Mwalimu Nyerere alipojua ukubwa wa uharibifu ule alishtuka, akaagiza kuwa toka hapo raia wa Uganda na mali zao waheshimiwe.

Mimi niliposikia habari ya Masaka nilifurahi. Nasema kweli mbele ya Mungu. Tulikuwa watoto, tuliimba.

Miaka mingi baadaye, nikiwa mtu mzima, nilikwenda Masaka katika biashara zangu ndogo ndogo. Nikakaribishwa kwa mama mmoja mzee, anauza chai karibu na stendi. Akaniuliza, "Mwanangu, umetoka wapi?" Nikasema Bukoba. Akanyamaza. Kisha akaniambia, bila ukali, kwamba mume wake alikuwa na duka pale mjini. Mume alichukuliwa na watu wa Amin usiku, hakurudi. Duka akabaki nalo yeye, akasomesha nalo watoto. Halafu wakaja wakombozi, ndivyo alivyowaita, duka likaanguka.

Sikuwa na la kumjibu. Alinyanyuka, akaniletea kahawa ya kutafuna kwenye kisahani, kama tunavyofanya sisi nyumbani. Kumbe na wao ni hivyo hivyo. Niliichukua nikatafuna, lakini haikupita vizuri kooni.

Na Amin mwenyewe je? Kampala ilipoanguka Aprili 1979 alikuwa amekwisha kukimbia. Akaenda Libya, kisha Saudia, akaishi huko miaka, akafia hospitali ya Jeddah mwaka 2003. Mahakamani hakusimama hata siku moja. Kile kisasi nilichokiimba nikiwa mtoto kilimpata mama wa chai, ambaye Amin alikuwa amemuumiza kabla ya kutuumiza sisi.

Wapo watakaosema: kwa hiyo unatuambia tunyamaze, yaishe? Hapana, na hapa naomba mnisikilize vizuri, maana hata makanisani jambo hili hufundishwa haraka haraka mno. Uganda alikuwapo Askofu mmoja, Festo Kivengere wa Kigezi, ambaye zamani aliwahi kufundisha hapa kwetu, Dodoma. Februari 1977 Askofu Mkuu wake, Janani Luwum, aliuawa na utawala wa Amin. Kivengere na mke wake wakatoroka kwa miguu, wakapita milimani mpaka Rwanda. Mwaka huo huo akatoa kitabu ambacho jina lake lilisema kuwa anampenda Idi Amin. Watu walimshangaa, na wengine walimkasirikia. Lakini angalieni alichofanya: mauaji hakuyaficha. Alikwenda nchi za watu akieleza waziwazi nani ameuawa na nani ameua. Alikataa kumchukia, na alikataa vile vile kumfichia. Na ndugu zetu Waislamu mtaniunga mkono hapa, kwamba Kurani imempa aliyeuliwa ndugu yake haki ya kudai, ndipo ikamsifu anayesamehe. Kwanza haki inatajwa.

Sisi wa vikundi tunapaswa kulielewa jambo hili kuliko maaskofu. Deni ambalo halikuandikwa daftarini utalisamehe vipi? Ukisema tu "yaishe" bila kuhesabu, umelisahau, na siku ya mgao litafufuka na kelele.

Haya, nimefika sandukuni.

Mwaka wetu wa sita, wiki mbili kabla ya mgao, sanduku lilifunguliwa likakutwa tupu. Kufuli tatu, funguo tatu, watu watatu, ndivyo katiba yetu inavyosema. Lakini mmoja alikuwa msibani, mwingine anauguza, na funguo zote tukamwachia mweka hazina kwa sababu tulimpenda. Hilo kosa ni letu, liandikwe. Kuchukua fedha ni kosa lake, nalo limeandikwa.

Mwenzetu mmoja alikuwa anangoja mgao ule alipie upasuaji. Mnajua tulimzika mwezi gani. Siwezi kusema fedha zile zingemponya, daktari hakutuambia hivyo. Wala siwezi kusema zisingemponya.

Mweka hazina alikimbia. Na usiku ule migomba ya nyumbani kwake ilifyekwa, kibanja kizima. Waliofyeka wako humu ndani, siwatazami. Kibanja kile, waitu, kilikuwa cha mama mkwe wake. Bibi wa miaka zaidi ya sabini, ambaye hakuwahi hata kuliona sanduku letu. Mliokulia Buhaya mnajua kumfyekea mtu migomba maana yake ni nini. Mwaka ule bibi alikula ndizi za kuombaomba.

Sasa binti wa yule mweka hazina, huyu fundi cherehani wa hapa chini, ameomba kujiunga. Kikao kilichopita mikono mingi ilikataa. Mmoja akasema, "Damu ile hatuitaki." Niliposikia hivyo nikaiona Masaka.

Maoni yangu ni haya, na mtayapinga mkitaka. Deni la mama libaki daftarini kwa jina la mama, tarakimu zote. Siku akirudi alikute. Fedha ni za kikundi, kwa hiyo kikundi kinaweza kulidai au kulisamehe, tutapiga kura. Lakini ile sehemu ya marehemu si yetu. Ni ya watoto wake. Wakitaka kusamehe watasamehe, wasipotaka tusiwasukume, wala mchungaji asiwasukume, wala sheikh. Nimewaona watu wanaolazimishwa kusamehe hadharani. Hukenua meno tu, na usiku hawalali.

Kisha ufunguliwe ukurasa mwingine, uandikwe migomba ya bibi. Hapo mdaiwa ni sisi. Machipukizi tunayo majumbani mwetu, kila mwanachama alete mawili, na mvua za vuli zikianza twende tukapande. Waliofyeka watachimba mashimo, nao wanajijua.

Binti hayumo katika ukurasa wowote kati ya hizo mbili. Fomu yake inahitaji wadhamini wawili. Wa kwanza nimeshaweka sahihi. Nafasi ya pili iko wazi, na kalamu anayo Katibu pale mezani.