Reli Ipitayo Kando ya Kitengela



Watu wengi wa Kitengela na Kajiado huondoka nyumbani kabla ya mapambazuko ili wawahi kazi Nairobi. Nao huuliza: reli tunayo karibu, mbona haituchukui? Swali hili ni la haki, na leo nataka kuwaelezeni sababu zake.

Yafaa kwanza mjue ya kwamba reli ya Kajiado haikujengwa kwa ajili ya wasafiri. Ilimalizika mwaka 1915, ili kuchukua magadi kutoka Ziwa Magadi mpaka bandarini Mombasa. Kwa hiyo ilielekezwa Konza, ikaungana huko na reli kuu, ambayo ilikuwa imekwisha fika Nairobi tangu mwaka 1899. Sasa tazameni. Barabara itokayo Kajiado hupita Isinya na Kitengela, ikafika Athi River pasipo kuzunguka. Bali gari la moshi likitoka Kajiado huelekea mashariki mpaka Konza, ndipo ligeuke kaskazini-magharibi kuelekea Nairobi. Kwa mzigo uendao Mombasa, hiyo ni njia ya mkato. Kwa karani anayetakiwa ofisini saa mbili, ni mzunguko mtupu.

Kitengela yenyewe haina stesheni. Iliyo karibu ni ile ya Athi River, penye reli kuu ya zamani, ambayo upana wake ni mita moja. Reli mpya iliyofunguliwa mwaka 2017, yenye upana wa milimita 1,435, nayo ina stesheni upande huo, lakini ni ya safari za mbali za Mombasa. Mtu haipandi kila siku kwenda kazini.

Katika mji wa London, magari ya moshi yalianza kupita chini ya ardhi mwaka 1863. Ya Nairobi hupita juu, tena juu ya reli ile ile ya wazee wetu. Stesheni ya Syokimau ilifunguliwa na Rais Mwai Kibaki mwezi wa Novemba 2012, na mwaka 2020 yaliongezwa magari yaliyonunuliwa Hispania, yenye injini ndani ya mabehewa yake. Hata hivyo reli ya zamani ni njia moja tu. Magari mawili hayawezi kukutana ila mahali palipotengwa pa kupishana. Abiria akiona gari limesimama porini hudhani limeharibika, kumbe linangoja mwenzake. Ndiyo maana magari ni machache, nayo hufuata saa za kazi: asubuhi kwenda mjini, jioni kurudi.

Basi, taabu kubwa ya mtu wa Kitengela, kwa maoni yangu, haimo relini. Imo katika zile kilomita chache za kufikia stesheni. Hupanda matatu, akalipa. Kisha hununua tiketi, akalipa tena. Na matatu hungoja ijae, lakini gari la moshi halimngoji mtu. Akichelewa dakika tano, hana budi kurudi barabarani penye msongamano ule ule aliotaka kuukimbia.

Tena kuna jambo la mipaka. Kitengela ni Kaunti ya Kajiado, Athi River na Syokimau ni Machakos, na Nairobi ni kaunti ya tatu. Abiria mmoja huvuka zote kabla ya kunywa chai ya saa nne! Reli ni mali ya Serikali ya Taifa, lakini kwa Katiba ya mwaka 2010 barabara za kaunti na uchukuzi wa umma ni kazi ya kaunti. Basi la kufika stesheni kwa saa ya gari la moshi, taa, na njia ya miguu isiyo na matope, hayo yaweza kuombwa Kajiado na Machakos pasipo kungoja reli mpya.

Kaunti inapowaita wananchi kutoa maoni juu ya bajeti, nendeni. Chukueni karatasi iliyoandikwa saa mtokayo nyumbani, nauli mlipayo kila kipande cha safari, na saa mfikayo kazini.