Daftari na Mgonjwa



Wapendwa wasikilizaji, wapo miongoni mwetu walioanza utaratibu mpya wa kupanga kazi zao, wengine katika daftari, wengine katika simu ya mkononi. Ni jambo jema. Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari, na muda nao ni mali.

Nami nilinunua daftari. Kila usiku niliandika kazi za kesho, na kila iliyokwisha niliipiga mstari. Wiki ya kwanza nilijivuna: barua za parokia, mabati ya kigango, kikao cha kwaya, yote yalipigwa mstari. Lakini kazi moja niliihamisha kutoka ukurasa hadi ukurasa: kumtembelea mzee mgonjwa ng'ambo ya mto. Hakuna aliyenidai. Mgonjwa hapigi hodi. Siku ya tisa habari za msiba zilinitangulia. Daftari langu lilikuwa nadhifu. Mzee alikuwa amefariki dunia akinisubiri.

Mwezi Agosti 1954, Rais Eisenhower wa Marekani aliuhutubia mkutano wa Baraza la Makanisa Ulimwenguni huko Evanston. Alikumbusha neno la mkuu mmoja wa zamani wa chuo, kwamba mambo ya haraka si yale yenye uzito, na yenye uzito kamwe hayana haraka. Ndivyo ilivyo. La haraka hupiga kelele mlangoni. La maana hungoja kimya.

Basi, ndugu zangu, siku hizi kabla ya kuandika orodha najiuliza: kesho ni nani atakayenisubiri bila kulalamika? Jina lake naliweka juu kabisa, na saa yake naitenga. Tena, kazi iliyohamishwa mara tatu haihamishwi tena. Ama naifanya asubuhi ile, ama namwomba mwenzangu aifanye, ama namwambia mhusika waziwazi kwamba sitaiweza, nisije nikamdanganya kwa wino.

Bwana alipofundisha juu ya hukumu ya mwisho hakuuliza idadi ya kazi zilizokamilika. Aliwataja wenye njaa, wagonjwa na wafungwa. Jioni ya leo fungueni madaftari yenu, mtazame ni jina gani limehamishwa mno. Kesho mwanze na hilo.

Mungu awabariki. Amina.